Alamu ya Gari Inayolia Bila Sababu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Alamu ya gari haina uwezo wa kumtambua mwizi. Kinachofika kwenye kisanduku chake cha udhibiti ni hali ya umeme katika nyaya chache tu: waya wa milango, waya wa boneti, waya wa buti, waya wa sensa ya mtikisiko na ule unaoleta umeme wa betri. Hali ya mmojawapo ikibadilika wakati alamu imewekwa, kisanduku huamuru king'ora kilie, na hakiulizi kama aliyeibadilisha ni mwizi, paka, kutu au betri iliyochoka. Gari linalopiga kelele saa nane za usiku bila kuguswa na mtu lina sababu yake, na kazi ya mwenye gari ni kujua ni waya upi uliopeleka taarifa.

Mwongozo huu unazingatia zaidi magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda, na ambayo mara nyingi hufungwa alamu ya ziada na fundi baada ya kushuka bandarini. Mambo yanayohusu magari ya Ulaya yametajwa pale yanapotofautiana. Hatua zimepangwa kuanzia zile zisizogharimu kitu hadi zile zinazohitaji fundi, na ni vyema zifuatwe kwa mpangilio huo. Mazoea ya wengi ni kukimbilia kupunguza ukali wa sensa ya mtikisiko, ilhali sensa hiyo hulaumiwa kuliko inavyostahili, na ikishapunguzwa ukali bila kuwa ndiyo chanzo, gari hubaki na kelele ileile na ulinzi hafifu zaidi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: multimita (kifaa cha kupimia umeme) ya kawaida, spana namba kumi, bisibisi, msasa laini, tochi, dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, na daftari.

Kuinyamazisha bila kuharibu kitu

Kelele ya usiku humfanya mtu atende kwa haraka, na katika haraka hiyo wapo wanaokata waya wa kwanza wanaouona chini ya usukani. Jambo hili ni la hatari. Alamu nyingi za ziada zimeunganishwa na relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata umeme wa stata au wa pampu ya mafuta ili gari lisiwashwe na mwizi, na waya uliokatwa ovyo unaweza kuliacha gari lisiwake asubuhi, au kulizima likiwa katikati ya barabara siku ambayo kiungio kilichofungwa kwa tepu kitalegea.

Bonyeza kwanza kitufe cha kufungulia kwenye rimoti. Kisipofanya kazi, fungua mlango kwa ufunguo wa kawaida, kaa kwenye kiti cha dereva na uwashe swichi hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Alamu nyingi za kiwandani hunyamaza hapo, kwa kuwa gari limeutambua ufunguo wake. Kwa alamu ya ziada, ukiwa umewasha swichi hivyo, bonyeza kitufe cha siri ambacho aliyeifunga alikificha chini ya dashibodi, kando ya sanduku la fyuzi au nyuma ya plastiki iliyo karibu na goti la dereva. Katika alamu nyingi, kitufe hichohicho kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa huiweka alamu katika hali ya mapumziko, ambapo milango hufungwa na kufunguliwa kwa rimoti lakini king'ora hakilii. Hali hiyo inafaa gari linapokwenda kuoshwa au kufanyiwa matengenezo, na inafaa pia usiku wa dharura, mradi ukumbuke kuwa gari halina ulinzi.

Ikiwa hujui kitufe cha siri kilipo, kitafute mchana, kabla hujakihitaji.

Njia ya mwisho ni kulegeza waya wa hasi wa betri kwa spana namba kumi. Redio zenye namba ya siri zitaihitaji tena baadaye, na kama king'ora kina betri yake ya ndani, kitaendelea kulia hata betri kubwa ikiwa imetolewa, kwa sababu ndivyo kilivyoundwa kifanye. Ving'ora vya aina hiyo vinavyofungwa na mafundi huwa na tundu la ufunguo mdogo ubavuni. Ufunguo huo hukabidhiwa mteja siku ya kufunga alamu na mara nyingi huishia kusahauliwa kwenye droo.

Kujua ni alamu ipi inayolia

Gari moja linaweza kuwa na alamu mbili bila mwenyewe kujua. Dalili ya kuzitofautisha ni sauti: katika magari mengi ya Kijapani alamu ya kiwandani hupiga honi ya gari lenyewe na kuwasha indiketa zote, ilhali alamu ya ziada hutumia king'ora chake kilichofungwa ndani ya boneti, chenye sauti inayobadilika-badilika. Mwombe jirani au mlinzi akueleze alichosikia kama hukuwapo.

Alamu ya ziada hutambulika pia kwa rimoti ya pili isiyo na nembo ya gari, kitaa kidogo chekundu au cha buluu kilichotobolewa kwenye dashibodi, na fungu la nyaya zilizoviringishwa tepu chini ya usukani. Kitaa chenye alama ya gari na ufunguo kinachomweka katika dashibodi ya Toyota nyingi si lazima kiwe cha alamu. Mara nyingi kinaonyesha mfumo unaozuia injini kuwashwa kwa ufunguo usio wake, na mfumo huo peke yake haulii.

Alamu mbili zikiwa pamoja, huweza kugombana. Dereva hufunga gari kwa ufunguo wa kiwandani, kisha hulifungua kwa rimoti ya ziada. Alamu ya kiwandani huona mlango umefunguliwa bila amri yake, ikapiga honi. Vivyo hivyo, mtu akifungiwa ndani kwa rimoti wakati dereva ameingia dukani, kisha akafungua mlango kutoka ndani, alamu ya kiwandani ya magari mengi italia. Hapo hakuna kilichoharibika. Dawa yake ni kutumia rimoti moja kwa kufunga na kufungua, na kutomfungia abiria ndani.

Kuandika matukio kwa siku chache

Kabla ya kufungua chochote, andika kila tukio: saa, hali ya hewa, mahali gari lilipokuwa, muda uliopita tangu lifungwe, na kama lilikuwa limeoshwa au limetoka safari ndefu. Hatua hii huonekana ya kuchosha, lakini ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote, kwa sababu kila chanzo kina tabia yake.

Alamu inayolia ndani ya dakika moja baada ya kuwekwa huelekeza kwenye mlango usiofunga vizuri, au kwenye taa ya ndani inayozimika polepole: ikiwa fundi aliunganisha alamu na waya wa taa hiyo, kisanduku huona mlango bado uko wazi wakati taa haijazimika kabisa. Inayolia dakika chache baada ya kuegesha gari lenye injini ya moto huelekeza kwenye feni ya rejeta. Baadhi ya alamu, hasa za zamani na za bei nafuu, hutambua mlango uliofunguliwa kwa kupima mshuko mdogo wa volti unaotokea taa ya ndani inapowaka. Feni ikijiwasha yenyewe ili kupoza injini, volti hushuka vilevile na alamu hudhani mlango umefunguliwa. Alamu ya namna hiyo kwa kawaida ina mpangilio wa kuzima upimaji huo, na fundi huweza kuuzima baada ya kuunganisha waya wa milango moja kwa moja.

Inayolia alfajiri, wakati wa baridi na umande, huelekeza kwenye betri au swichi yenye unyevu. Inayolia baada ya mvua au kuoshwa gari karibu kila mara ni swichi au kiunganishi kilichoingia maji. Inayolia mahali pamoja tu, na kwingine ikatulia, huelekeza kwenye mazingira: lori zinazopita, jenereta, spika za sherehe, embe zinazodondoka juu ya paa. Kwa magari ya Ulaya yenye sensa ya mwinamo, ardhi laini au tairi linalovuja upepo polepole hutosha kuiamsha, kwa kuwa gari huinama kidogo baada ya kufungwa.

Alamu nyingi za ziada, zaidi ya hayo, hutunza kumbukumbu ya sehemu iliyoziamsha. Baada ya kulia, unapoiondoa kwa rimoti husikika milio zaidi ya ile ya kawaida, na ukiwasha swichi kitaa humweka mara kadhaa, hutua, kisha hurudia. Idadi ya kumweka ndiyo inayotaja sehemu, kama vile mlango, boneti au sensa. Maana ya kila idadi hutofautiana kati ya alamu na alamu, hivyo inabidi kutafuta kijitabu cha alamu kwa kutumia namba iliyobandikwa kwenye kisanduku chake. Kwa magari ya Ulaya kama Volkswagen, Audi, BMW na Volvo, mashine ya kupimia iliyo ya kiwango kizuri huweza kusoma chanzo cha mlio wa mwisho kutoka kwenye kumbukumbu ya gari. Kipimo kimoja cha namna hiyo huweza kuondoa nusu ya kazi iliyoelezwa hapa chini.

Rimoti

Rimoti nyingi zina kitufe cha dharura kinachofanya gari lilie kwa makusudi. Kitufe hicho kikibanwa mfukoni, kwenye mkoba au na mtoto anayechezea funguo, gari lililo nje ya nyumba litalia na mwenyewe atatoka na tochi kutafuta mwizi. Jaribio lake ni rahisi: funga gari jioni kwa rimoti, kisha toa betri ndani ya rimoti zote ulizonazo hadi asubuhi. Gari likilala kimya usiku kadhaa mfululizo ilhali awali lilikuwa halilali, chunguza vitufe vilivyonasa, ganda lililopasuka au unyevu ndani ya rimoti.

Unaporudisha betri, weka mpya. Rimoti nyingi za kiwandani hutumia betri bapa ya volti 3, kama CR2032, na nyingi za ziada hutumia betri ya mche ya volti 12, yaani 23A au 27A. Hizi mbili zina volti sawa lakini hazilingani ukubwa, hivyo nenda dukani na ile ya zamani.

Baadhi ya alamu hujiweka zenyewe sekunde kadhaa baada ya gari kuzimwa na milango kufungwa, au hujirudisha ikiwa umeiondoa lakini mlango haukufunguliwa. Swichi ya mlango wa dereva ikiwa mbovu, kisanduku hakioni kuwa mlango umefunguliwa, nacho hujirudisha katika ulinzi wewe ukiwa umeketi ndani ukitafuta mkanda. Ukiwasha gari, king'ora kinalia. Dereva hulaumu rimoti, na kumbe tatizo liko mlangoni.

Kwa aliyenunua gari mkononi mwa mtu, ni busara kumwomba fundi afute rimoti zote kwenye kumbukumbu ya alamu na kusajili upya zile zilizopo tu. Rimoti ya pili iliyobaki kwa mmiliki wa zamani inafungua gari lako sawasawa na yako.

Betri

Betri dhaifu huleta milio ya ajabu kwa sababu volti zikishuka chini ya kiwango, kisanduku cha alamu hujizima na kujiwasha, na king'ora chenye betri ya ndani huona kama vile mtu amekata nyaya. Pima asubuhi, kabla gari halijawashwa, ukiweka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu. Betri ya kawaida ya gari iliyojaa husoma takribani volti 12.6, ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu, na ikiwa chini ya 12.0 imekwisha kwa matumizi ya kawaida. Kisha mtu awashe injini huku ukiangalia: stata inapozunguka, volti zisishuke chini ya takribani 9.6. Injini ikishawaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ukiwa chini ya hapo, mtazame kwanza fundi wa altaneta, mashine inayochaji betri. Baadhi ya magari mapya, yakiwamo ya haibridi, hudhibiti uchaji kwa kompyuta na yanaweza kuonyesha tofauti ndogo.

Angalia pia vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani hukinza umeme, na betri nzima ikaonekana mbovu. Ondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, sugua kwa msasa, rudisha chanya kwanza, kaza, paka grisi kidogo juu. Katika Toyota nyingi za haibridi, kama Aqua na matoleo mengi ya Prius, betri ya volti 12 haipo kwenye boneti bali nyuma ya gari, ndani ya buti au chini ya kiti cha nyuma, na kwa sababu haionekani husahauliwa hadi ichoke. Nyaya nene za rangi ya chungwa katika magari hayo hubeba umeme mkubwa na haziguswi kwa hali yoyote.

Betri nzuri ikiisha kila baada ya siku mbili tatu za kuegesha, kuna kitu kinachonyonya umeme. Magari mengi yaliyolala hutumia chini ya miliampea 50. Ili kupima, fungua kioo au mlango mapema ili usijifungie nje, ondoa waya wa hasi, unganisha multimita katikati ya waya huo na kichwa cha betri ukiwa kwenye kipimo cha ampea 10, kisha subiri nusu saa hadi saa moja ili mifumo ya gari ilale. Usiwashe gari multimita ikiwa hapo, kwani itaungua fyuzi yake. Usomaji ukiwa mkubwa, chomoa fyuzi moja moja hadi ushuke. Vifaa vya kufuatilia gari kwa satelaiti, ambavyo mara nyingi huungwa kwenye nyaya zilezile za alamu, ni vya kwanza kushukiwa.

Swichi za milango, boneti na buti

Hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi, na kwa maoni ya mwandishi ndipo penye jibu la matatizo mengi katika magari yenye umri wa miaka kumi na zaidi.

Anza na boneti. Alamu ya ziada karibu daima huja na swichi ya pini inayofungwa kando ya ukingo wa boneti, mahali penye maji, vumbi na joto la injini. Pini ikibonyezwa na boneti, mzunguko hukatika. Boneti ikifunguliwa, pini huinuka na kugusanisha waya na bodi ya gari. Kutu ndani ya swichi hupitisha umeme kidogo hata pini ikiwa imebonyezwa, na kisanduku hudhani boneti imefunguliwa. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako hewa ina chumvi, swichi hii huchakaa haraka sana. Chomoa waya wake na upime ukinzani kati ya swichi na bodi: ikiwa imebonyezwa kwa kidole, multimita isionyeshe muunganiko wowote, ikiachiwa, ionyeshe karibu sifuri. Namba zinazorukaruka zinatosha kuihukumu, na swichi mpya ni ya bei ndogo kiasi kwamba kuisafisha ni kujichelewesha.

Swichi ikiwa nzima, kagua kimo chake. Gari lililowahi kugongwa mbele na kunyooshwa bodi huwa na boneti isiyokaa pale pale ilipokaa zamani, na mipira ya kuizuia isitetemeke huwa imekwisha au haipo. Weka kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pini, funga boneti kwa kawaida, kisha fungua uone ulivyobanwa. Kama ulibanwa kidogo sana, pini haishuki vya kutosha, na upepo au mpito wa lori hutosha kuiinua. Iinue swichi au ongeza kipande cha mpira upande wa boneti.

Jaribio la kuthibitisha ni kuchomoa waya wa swichi ya boneti, kufunika ncha yake kwa tepu isiguse bodi, na kulaza gari hivyo usiku kadhaa. Ukimya ukipatikana, chanzo kimejulikana. Jaribio hili linafaa kwa alamu ya ziada ya aina iliyoelezwa. Katika baadhi ya magari ambayo swichi ya kiwandani imo ndani ya kufuli la boneti, kuchomoa kiunganishi chake huonekana kama boneti iliyo wazi, na alamu haitakubali kuwekwa.

Kwa milango, kazi hufanywa gizani. Weka swichi ya taa ya ndani kwenye alama ya mlango, funga milango yote, subiri taa izime, kisha sukuma na kuvuta kila mlango kwa nguvu ya kiasi huku mtu mwingine akiangalia taa na alama ya mlango kwenye dashibodi. Mlango unaoifanya taa imweke ndio wenye kasoro. Katika magari ya zamani kidogo, swichi ni pini yenye mpira mweusi kwenye nguzo ya mlango. Mpira ukipasuka, maji huingia. Ifungue skrubu yake moja, ivute polepole, na ufunge kamba kwenye waya ili usirudi ndani ya nguzo, jambo ambalo huwapotezea watu jioni nzima. Katika magari mapya zaidi swichi imo ndani ya kufuli lenyewe. Dawa ya kusafishia viunganishi ikipuliziwa kwenye kufuli huku mlango ukifungwa na kufunguliwa mara nyingi huweza kuifufua kwa muda, lakini suluhisho la kudumu ni kubadilisha kufuli.

Mlango wa nyuma wa magari kama Probox, Noah na Wish una tatizo lake la pekee. Nyaya zake hupita ndani ya mpira wenye mikunjo ulio kati ya bodi na mlango, na hujikunja kila mlango unapoinuliwa. Baada ya miaka ya kupakia na kupakua, ganda la waya hukatika ndani ya mpira ambako jicho halioni, na nyaya zikagusana au zikagusa bodi. Dalili zinazoambatana ni taa ya namba isiyowaka, waipa ya nyuma inayogoma, au mlango usiofunguka kwa kitufe. Vuta mpira kutoka upande mmoja, kagua kila waya kwa kuukunja, na ulioharibika uunganishwe kwa kulehemu na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kuzungushia tepu peke yake hapo hakudumu.

Sensa

Ukishathibitisha kuwa betri na swichi ni nzima, ndipo ugeukie sensa ya mtikisiko. Chomoa plagi yake, ambayo kwa kawaida iko chini ya dashibodi karibu na usukani, kisha laza gari. Likinyamaza, sensa ndiyo inayolalamika, lakini kabla ya kuirekebisha tazama ilivyofungwa. Fundi mwenye haraka huibana kwenye fungu la nyaya kwa kamba ya plastiki, na kamba ikilegea sensa hugongagonga plastiki za dashibodi kila upepo unapovuma. Inatakiwa ifungwe imara kwa skrubu au gundi ya pande mbili mahali pagumu pasipotetemeka.

Marekebisho hufanywa kwa skrubu ndogo au kitufe kilicho juu yake. Zungusha kuelekea upande wa kupunguza kwa robo mzunguko tu, funga gari, subiri dakika moja, kwa kuwa alamu nyingi hupuuza sensa katika sekunde za mwanzo, kisha piga ubapa wa ngumi kwenye nguzo kati ya milango. Pigo la wastani litoe mlio mfupi wa onyo, na pigo la nguvu litoe king'ora kamili. Usijaribu kwa kupiga kioo.

Sensa za mawimbi ya sauti yasiyosikika, zinazoonekana kama vijicho viwili juu ya nguzo za kioo cha mbele au karibu na taa ya ndani, hutambua mwendo ndani ya gari. Kioo kilichoachwa wazi kidogo kwa ajili ya joto, pambo linaloning'inia kwenye kioo cha kutazamia nyuma, mjusi au buibui aliyejenga juu ya kijicho, kila kimoja kinatosha kuziamsha. Magari mengi yenye sensa hizi yana kitufe cha kuzizima kwa mara moja, na kuzizima kwa usiku mmoja ndilo jaribio lake.

Nyaya, ethi na king'ora

Kilichobaki ni ufungaji wenyewe. Waya wa ethi wa kisanduku cha alamu, yaani ule unaokiunganisha na bodi ya gari, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, si kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi. Ethi iliyolegea hutoa milio isiyo na mpangilio wowote, hata gari likiwa linaendeshwa. Viungio vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu hufunguka joto linapolainisha gundi ya tepu. Tafuta pia alama za meno ya panya, hasa kwa gari linaloegeshwa karibu na ghala, jaa au jiko. Unapopekua chini ya usukani, viunganishi vya rangi ya njano ni vya mifuko ya hewa. Visiguswe wala visipimwe kwa multimita.

King'ora chenyewe huweza kuwa ndicho mgonjwa. Magari kadhaa ya Ulaya, yakiwamo ya Volvo, BMW na Land Rover, hutumia ving'ora vyenye betri ndogo ya kuchajiwa ndani, na betri hiyo ikizeeka huvuja na kula bodi ya umeme, kisha king'ora hulia usiku bila amri ya mtu. Mashine ya kupimia huonyesha hitilafu ya king'ora, na tiba ni kukibadilisha. Ving'ora vya ziada vyenye tundu la ufunguo hupatwa na ugonjwa uleule. Kuvijaribu, vizime kwa ufunguo wake na uliache gari na ulinzi wa indiketa pekee kwa usiku kadhaa: indiketa zisipomweka kabisa, alamu haikuamshwa na kitu chochote, na kelele zilikuwa za king'ora.

Kumkabidhi fundi

Mpelekee fundi umeme wa magari daftari lako na orodha ya ulivyokwisha kupima, kwa sababu bila hivyo ataanza na skrubu ya sensa. Akishauri alamu ibadilishwe, muulize kwanza ni sehemu ipi iliyoiamsha ile ya zamani. Swichi mbovu ya boneti itaiamsha alamu mpya vilevile. Akishauri iondolewe kabisa, sisitiza kwamba relei ya kuzuia injini itolewe na waya wa kiwandani wa stata au pampu ya mafuta urudishwe kwa kulehemu, na ujaribu kuwasha gari mara kadhaa, likiwa baridi na likiwa na moto, kabla ya kulipa. Alamu ikibaki, akuonyeshe kwa kidole kitufe cha siri kilipo, akupe ufunguo wa king'ora kama upo, na akuandikie namba ya kisanduku. Kisha weka alamu mbele yake, fungua kila mlango, boneti na buti kutoka ndani kimoja kimoja, na uhakikishe kila kimoja kinaiamsha.